Kaseti, CD na Padi: Gemu za Televisheni Zilivyofika Buger

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na yalikuwapo mahitaji ya haraka zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo, huko Marekani, ilikuwa imeanza kuuzwa Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Mchezo ulizaliwa huko wakati huku mlango ukifungwa. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilitupita. Wala hatukupata habari za Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi aliyeongoza utengenezaji wa Fairchild Channel F, mashine iliyotoka mwaka 1976 na kuwa ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye gemu ndani yake. Inanisikitisha kwamba hadi leo vijana wengi wanaoshika padi hawalijui jina lake.

Unguja mambo yalikuwa tofauti kidogo, maana Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973. Bara tulisubiri. Mwaka 1984 wafanyabiashara walianza kuruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka uliofuata akaingia madarakani Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na bidhaa za Dubai zikaanza kujaa Kariakoo. Vituo vya televisheni vya watu binafsi, ITV miongoni mwake, vilianza mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Sony ikaanza kuuza PlayStation nchini Japani. Kwa mtu wa bara, kituo cha televisheni na PlayStation ni marika. Nchi nyingine ziliizoea televisheni kwa miongo mitatu kabla ya kuletewa gemu. Sisi tulivipokea vyote viwili karibu kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana hadithi yetu haifuati mpangilio wa vizazi unaosimuliwa vitabuni.

Kilichotangulia kutufikia ni mashine za kuiga. Nintendo ilitoa Famicom huko Japani tarehe 15 Julai 1983, na viwanda vya Taiwan na baadaye China vikaiiga kwa wingi, vikiipa kila aina ya majina na maumbo. Watu wengi wa rika langu tulioijua Super Mario Bros., Contra na ile gemu ya kupiga bata hatukuwahi kugusa mashine yenye jina la Nintendo. Tuligusa boksi jepesi la plastiki, padi mbili na bunduki moja, pamoja na kaseti ya rangi ya njano yenye karatasi iliyoahidi mamia ya gemu. Ukihesabu vizuri zilikuwa chache tu, zikirudiwarudiwa kwa majina tofauti.

Mkusanyaji huzitambua mashine hizo kwa namna kaseti zake zinavyoingia. Famicom ya Japani ilikuwa na pini 60, na Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya ilikuwa na pini 72. Nakala zilizokuja kwetu karibu zote zilifuata pini 60. Maana yake ni kwamba tuliunganishwa moja kwa moja na Asia, bila kupitia maduka ya Ulaya, kinyume na wengi wanavyodhani. Televisheni zetu zilitumia mfumo wa PAL wenye picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani wana karibu 60. Gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya huko na kupelekwa kwenye mfumo wetu bila marekebisho hutembea taratibu kwa kiasi cha asilimia 17, muziki wake pia. Mjapani na Mtanzania wa miaka ile wakiimba wimbo wa Mario kwa kumbukumbu, huenda wasiende sawa.

Mashine hizo zilifika hata Buger, kata ya kusini mwa wilaya ya Karatu, jirani na Endabash na msitu wa Marang, ule ulioingizwa kwenye Hifadhi ya Ziwa Manyara mwaka 2009. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Watalii wanaoipanda barabara ya Ngorongoro huipita Karatu mjini bila kujua kwamba kusini kuna vijiji vingi namna hii. Barabara hiyo yenyewe, kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliwekwa lami kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa maoni yangu ndiyo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya gemu kwetu. Kabla ya lami, mashine ya kielektroniki ilifika Karatu ikiwa imetikiswa na kujaa vumbi. Baada ya lami, mtu aliweza kwenda Arusha asubuhi na kurudi jioni na PS2 iliyotumika ikiwa imefungwa ndani ya blanketi.

PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kuliko hiyo. Lakini kwetu idadi si kitu. Ubora wake ulikuwa kwenye umeme. Ile nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, haikuwa na kifaa cha umeme ndani yake. Ilitumia adapta ya nje ya volti 8.5. Umeme ukiruka, mara nyingi iliungua adapta na mashine ikapona, na adapta ilipatikana kwa bei ya kuku mmoja au wawili. Fundi mjuzi aliweza hata kuilisha kutoka kwenye betri ya gari. Toleo lililofuata mwaka 2007, lile la mfululizo wa 90000, lilirudisha kifaa cha umeme ndani. Wakusanyaji wa Ulaya hulipenda kwa kuwa halina adapta ya kuning'inia. Mimi sikubaliani nao. Mahali penye jenereta, sola na inveta, toleo la 2004 ndilo lililofaa, na ndilo nitakalomshauri yeyote atafute.

Fedha ya kununulia ilitoka shambani. Vijana walishuka Mang'ola kwenye vitunguu, wakarudi msimu ukiisha, na baadhi yao wakanunua televisheni ya chogo na mashine moja, wakafungua kibanda pembeni ya duka. Utaratibu wa kibanda ni ule ule uliopo Mwanza, Mombasa na Bukavu: unalipia mechi, aliyefungwa anatoka, anayefuata anakaa. Hapa ndipo tunapotengana na historia ya Marekani au Japani, ambako mashine ilikuwa mali ya mtoto mmoja chumbani kwake. Kwetu mashine moja ilifundisha kijiji. Waliosubiri zamu walikuwa wengi kuliko waliocheza, na kutazama kulikuwa nusu ya mchezo. Wazazi wengi hawakukipenda kibanda, wakikichanganya na mashine za kamari, na kweli vipo vibanda vilivyowapotezea watoto masomo. Sitaki kulifunika hilo. Wasichana nao hawakukaribishwa, na hiyo ni hasara iliyoonekana wazi pale Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alipojitokeza kuwa mchezaji wa kulipwa wa Tekken akiwa bado kijana. Ni wangapi wenye mikono kama yake waliishia kusimama nje ya mlango?

Mchezo wa kibanda ulikuwa mpira. Hapa nina msimamo ambao rafiki zangu wanaujua: Winning Eleven ya Konami, hasa ile ya mwaka 2006 iliyoitwa pia PES 6, haijapata mpinzani. FIFA ya EA ilikuwa na majina halisi ya timu na nyimbo nzuri, lakini Konami ilikuwa na mpira wenye uzito. Pasi mbaya ilikuwa kosa lako, si la mashine. Kila aliyekaa kibandani anayakumbuka mashuti ya Adriano wa Inter. Konami na EA ziliendelea kuitolea PS2 gemu za mpira hadi 2013, mwaka uleule ilipozinduliwa PS4, na hilo linaeleza kwa nini mashine ya mwaka 2000 ilikuwa bado mpya Buger wakati Ulaya ilishawekwa stoo.

Ligi yetu haikuwahi kuwekwa ndani ya gemu hizo. Mtanzania aliyemtafuta mwenzake alilazimika kumsubiri Mbwana Samatta aende Genk mwaka 2016, kisha Aston Villa Januari 2020. Lugha na miji yetu, hata hivyo, ilitangulia. Halo 2, iliyotoka Novemba 2004 kwenye Xbox, inampeleka mchezaji katika Mombasa ya mwaka 2552: mji wa kale wenye vichochoro na mji mpya wenye mnara unaofika angani. Halo 3: ODST ya 2009 iko karibu yote ndani ya mji huo, na Halo 3 inagusa Voi. Mamilioni ya watu walitembea usiku katika Mombasa hiyo, nasi tulikuwa miongoni mwa wachache wasioiona, kwa sababu Xbox haikuingia vibandani. Ninaipenda Mombasa hiyo. Waliiwazia mustakabali mji wetu, jambo ambalo waandishi wengi wa nje hawalifanyi wakizungumzia Afrika. Siwezi kusema hivyo kuhusu Resident Evil 5 ya mwaka 2009, ambamo wanakijiji waliogeuzwa majini wanapiga kelele kwa Kiswahili huku wakipigwa risasi. Picha zake za kwanza zilizua malalamiko ya ubaguzi, na malalamiko yalikuwa ya haki. Heshima ya lugha yetu ilitoka kwingine, kwenye gemu ya kompyuta: Baba Yetu, utunzi wa Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ulipata Grammy mwaka 2011, muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo hiyo.

Nimeanza kukusanya kwa sababu vitu hivi vinapotea. Huko nje ukusanyaji umekuwa biashara ya vitu vilivyofungwa: Julai 2021 kaseti ya Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa ilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Gemu ambayo hakuna aliyeicheza haina cha kunisimulia. Sisi watu wa Karatu tuna mwalimu bora jirani. Pale Oldupai, Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, thamani yake ilitokana na tabaka lililokuwamo na mawe yaliyolizunguka. Jiwe la kuchongea likiondolewa kwenye tabaka bila kuandikwa hubaki jiwe. Mashine ya gemu ni hivyo hivyo. Ninaponunua moja kwenye mnada wa Karatu huuliza ilichezwa wapi, ilitumia umeme gani, fundi alibadilisha nini, na huandika majibu kabla ya kuuliza bei. Chipu iliyochomelewa ndani ili isome CD za kuchoma, ambayo mkusanyaji wa London angeiita uharibifu, kwangu ndiyo sehemu yenye historia nyingi kuliko zote. Kuchoma CD kuliwanyima watengenezaji haki yao, sikatai. Lakini hakukuwa na duka lililotuuzia halali kwa bei tunayoiweza, na kumbukumbu isiyo na CD hizo ingekuwa ya uongo.

Shida ni kwamba CD ya kuchoma haidumu. Tabaka lake la rangi huharibiwa na joto na mwanga, na kibanda cha bati kina vyote viwili. Televisheni za chogo nazo zinatupwa, na zikiisha, ile bunduki ya kupigia bata itakuwa imekufa pia, kwa sababu kihisio chake kinategemea mmweko wa kioo cha chogo na hakielewani na skrini bapa. Wanaodhani mtandao utaokoa kila kitu wakumbuke kwamba huduma ya mtandaoni ya PlayStation haijafunguliwa rasmi Tanzania. Mwaka 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa kwenye duka la kompyuta la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Huko Marekani kwenyewe, utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani hazipatikani tena sokoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa Makumbusho ya Taifa, na hasa kwa makumbusho ya Arusha pale Boma, linahusu kitu kidogo sana: memori kadi za PS2, zenye megabaiti 8 kila moja. Gemu za Konami zilimruhusu mchezaji kuunda timu na kubadilisha majina. Vijana walikaa usiku wakiziunda Simba na Yanga, mchezaji kwa mchezaji, rangi ya jezi, namba ya mgongoni, kasi ya winga waliyemsikia redioni bila kumwona. Katika kadi nilizonazo zimo timu za namna hiyo, na mojawapo ina timu ya kata yenye majina ya Kiiraqw kuanzia kipa hadi mshambuliaji. Kuhamisha yaliyomo kwenda kwenye kompyuta kunahitaji kifaa cha bei ndogo na dakika chache kwa kila kadi. Wenye kadi hizo bado wako hai, wanalima, wanaendesha bodaboda na magari ya watalii, na wanaweza kueleza kila jina lilikuwa la nani.