Mita Moja na Nusu ya Shaba

Mtu aliyenunua amplifaya jijini London mwaka 1965 alirudi nyumbani na sanduku zito, na ndani yake waya wa umeme usio na plagi. Mwishoni mwa waya zilichungulia nyuzi tatu, nyekundu, nyeusi na kijani, na kazi ya kuzifunga ilikuwa yake. Plagi aliinunua kando. Akatafuta bisibisi na kisu, akaketi mezani, akachuna waya, akakaza skrubu. Muziki wa kwanza uliosikika katika nyumba ile ulitegemea kiungo alichokifunga kwa mikono yake.

Haukuwa uzembe wa wenye viwanda. Kiwanda hakikuweza kujua ukuta wa mteja una soketi ya aina gani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na plagi za pini za mviringo za ampea 2, 5 na 15, na hakuna iliyoingia kwenye soketi ya mwenzake; soketi hizo za zamani hazikutoweka upesi. Nyumba nyingi ziliwekewa umeme wa taa tu, basi pasi na redio zilichomekwa kwenye kishikio cha balbu, waya ukining'inia kutoka darini.

Mwaka 1944, vita vikiwa havijaisha, ilitoka ripoti ya kamati iliyopanga jinsi umeme utakavyowekwa katika nyumba zitakazojengwa baadaye. Mwanamke pekee katika kamati ile alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyejulikana kwa kutaka umeme uwe salama mikononi mwa mama na mtoto. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo kamati ilipendekeza soketi zote za eneo moja ziungwe kwenye waya mmoja unaozunguka na kurudi ulikoanzia. Mpango huo uliokoa shaba nyingi, lakini ulileta tatizo jipya: fyuzi ya mzunguko mzima, ya ampea 30, ni kubwa mno kuulinda waya mwembamba wa redio. Dawa ilikuwa kuweka fyuzi ndogo ndani ya plagi yenyewe. Mwaka 1947 ukatangazwa muundo wa BS 1363: pini tatu bapa, fyuzi tumboni, na pini ndefu ya ardhi inayosukuma vifuniko vya soketi ili kidole au msumari wa mtoto usifike penye umeme.

Plagi hiyo ndiyo iliyoko leo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli anapoifungua kubadilisha fyuzi, anashika mkononi uamuzi uliotokana na uhaba wa shaba wa wakati wa vita.

Mwaka huohuo wa 1947 lilitokea jambo la pili, ambalo kwa wapenda muziki lilikuwa kubwa zaidi. Katika matoleo ya Aprili na Mei, jarida la Wireless World lilichapisha mchoro wa amplifaya ya valvu uliotungwa na D.T.N. Williamson. Wasomaji wa Uingereza, Australia na Marekani walinunua transfoma na valvu, wakaziunga jikoni na katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Marekani nako, kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, ilianza mwaka huo kuuza vifaa vya kujiungia mwenyewe, cha kwanza kikiwa osiloskopu, na baadaye ikafuata na amplifaya. Kizazi kizima kikajifunza kushika chuma cha kulehemu. Mtu aliyeweza kuunga amplifaya nzima, waya wa ukutani ungemshinda kwa lipi?

Hata hivyo, kwa miaka mingi waya huo haukuwa na hadhi yoyote. Mara nyingi ulipita katika tundu nyuma ya kifaa, ukafungwa ndani kwa solda, basi. Kuubadilisha kulimaanisha kufungua kifaa. Amplifaya kadhaa za Uingereza zilikuwa na viunganishi vya kuchomoa vya kampuni ya Bulgin, lakini haukuwapo mtindo mmoja uliokubalika duniani.

Mlango ulifunguka mwaka 1970. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa kiwango cha soketi ndogo za nyuma ya vifaa, nambari 320. Katika familia hiyo mna kile kiunganishi cha matundu matatu kinachojulikana leo kwa kila mwenye kompyuta ya mezani, cha ampea 10. Upande wa waya una matundu, upande wa kifaa una pini, ili waya ukichomoka zile pini zilizo wazi zisiwe na umeme. Lengo lilikuwa usalama na biashara: kiwanda kitengeneze kifaa kimoja, kisha kiweke sandukuni waya wa nchi husika. Lakini kitu kinachochomoka kwa mkono kinaweza pia kubadilishwa kwa mkono. Kwa maoni ya mwandishi huyu, utamaduni wa kujitengenezea waya za umeme za muziki ulizaliwa hapo, kwenye kijitundu ambacho hakuna aliyekibuni kwa ajili ya muziki.

Miaka hiyohiyo Waingereza walibadilisha rangi za nyuzi. Nyekundu ikawa kahawia, nyeusi ikawa bluu, na kijani ikawa mistari ya kijani na manjano. Sababu inatisha: Ujerumani nyekundu ilikuwa imetumika kama rangi ya waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita ethi, hali kwa Mwingereza nyekundu ndiyo iliyobeba umeme. Mtu mmoja akifunga plagi ya kifaa cha mwenzake kwa mazoea ya kwao, bati lote la nje linakuwa na umeme wa kuua. Rangi mpya ziliwafaa hata wenye upofu wa rangi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, waya ukaanza kuitwa bidhaa ya muziki. Huko California, Noel Lee, mhandisi na mpiga ngoma, alilinganisha waya za spika kwa masikio yake na kuanzisha Monster Cable. Ray Kimber alikuwa katika kazi ya kufunga muziki na taa za disko, na taa hizo zilitia kelele kwenye spika. Akaona kwamba nyuzi zikisukwa pamoja, kelele hupungua. Mwaka 1979 alianzisha Kimber Kable katika jimbo la Utah, na waya zake zilisukwa kama ukili. Fizikia ya jambo hilo ni thabiti: nyuzi mbili zinazobeba mkondo kwenda na kurudi zikizungushwa pamoja, nguvu za sumaku zake hukaribia kufutana.

Kutoka waya za spika, udadisi ukahamia ukutani. Mafundi wa nyumbani wa Marekani walikata kebo nzito za viwandani za Belden, kampuni iliyoanzia Chicago mwaka 1902, wakazitia plagi za hospitali zenye nukta ya kijani. Plagi hizo zimeundwa kustahimili kuvutwa na kugongwa kwenye wodi, nazo hung'ang'ania soketi kwelikweli. Wengine walisuka, wengine walivika waya wavu wa shaba. Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na Tokyo hutumia hezi 50 ilhali Osaka hutumia 60, wapo waliojisimamishia nguzo binafsi ya umeme nje ya nyumba.

Je, sauti ilibadilika? Mwaka 1983 jarida la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill la waya za spika, na waya wa kawaida ulio mnene vya kutosha haukuachwa nyuma. Desemba 2004, jarida la Secrets of Home Theater and High Fidelity likachapisha jaribio la waya za umeme zenyewe. Wasikilizaji hawakujua upi umechomekwa, na majibu sahihi yalikuwa asilimia 49, sawa na kurusha shilingi. Ndani ya amplifaya ya kawaida, umeme wa hezi 50 hupita kwenye transfoma na kujaza kapasita mara 100 kila sekunde, na spika hulishwa kutoka kwenye kapasita hizo. Nyuma ya mita moja na nusu ya shaba iliyosukwa kwa upendo kuna makumi ya mita za waya wa kawaida ukutani. Faida ya hakika iko penye kelele: waya uliosukwa au kuvikwa wavu hauchafui sana nyaya za sauti zilizo jirani.

Muungurumo ndio ulioleta dhambi kubwa ya utamaduni huu. Vifaa viwili vyenye ethi vikiunganishwa, mara nyingine spika huvuma mfululizo, na wapo waliokata ethi ili kupata ukimya. Ukimya huo hupatikana kwa kuondoa kinga ya pekee iliyopo kati ya bati la amplifaya na mkono wa mtoto. Haupaswi kutafutwa hivyo kamwe.

Mwaka 1994 sheria ya Uingereza iliagiza vifaa vya nyumbani viuzwe vikiwa na plagi tayari. Plagi iliyomiminwa pamoja na waya, isiyofunguka, ikaenea, na ujuzi uliokuwa wa kila nyumba ukawa wa wachache. Hao wachache bado wanaifuata desturi ya zamani ya kuacha ethi iwe ndefu kuliko nyuzi nyingine mbili, ili waya ukivutwa kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Hukaza skrubu, huvuta kila uzi kuupima, hubana kishikio juu ya ganda la nje wala si juu ya nyuzi. Kisha huweka multimita kati ya pini ya ethi na tundu lake upande wa pili, na kusubiri mlio kabla ya kuchomeka chochote ukutani.