Kichocheonuru: Neno na Historia Yake

Kitu tunachokitafutia jina ni utando mwembamba ambao, ukipakwa juu ya kigae au kitasa, huua vijidudu unapomulikwa. Ni rahisi kuuita "rangi inayojitakasa". Jina hilo tunalikataa.

Asili yake si ngeni. Titani dayoksaidi ni ule unga mweupe uliotiwa katika rangi za nyumba tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na rangi hiyo ikipigwa sana na jua ilitoa vumbi kama la chaki. Mwaka 1967 Akira Fujishima, mwanafunzi wa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alimulika fuwele yake ndani ya maji akaona viputo: maji yalikuwa yakitenguka. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1972. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake walionyesha kuwa unga huo, ukitiwa platini na kumulikwa, huua bakteria na hamira. Katika miaka ya 1990 vigae vya namna hiyo vikaanza kuuzwa Japani.

Wajapani husema hikari shokubai. Hikari ni nuru. Shokubai huandikwa kwa alama mbili, ya kugusa na ya mshenga. Twaona uzuri wake, maana mshenga huwakutanisha wawili na yeye mwenyewe haozwi. Vivyo hivyo miale ya urujuanimno huzing'oa elektroni mahali pake, oksijeni na unyevu hugeuka chembe kali zinazotoboa ngozi ya kijidudu, na utando haupungui.

Sisi tunalo neno kichocheo, ingawa ndugu yake, uchochezi, amekwisha kuchukuliwa na mahakama. Mwanga tumeliacha, kwani mwanga ni mchawi pia, atembeaye usiku, na kitu hiki usiku hakifanyi kazi. "Kichocheo cha nuru" nalo lingemfanya msomaji adhani kuwa nuru ndiyo inayochochewa.

Taa zikizimwa, au damu ikiganda juu yake, utando huo ni ukuta tu. Ndiyo maana watengenezaji wa vigae waliongeza shaba au fedha. Mhudumu wa wodi akiambiwa kuwa kitasa kinajitakasa ataweka kitambaa chini, na kosa litakuwa la mtunga neno. Kwa hiyo tunapendekeza utando wa kichocheonuru, na kitenzi chake kiwe kuua vijidudu, si kutakasa.