Uboho uliodaiwa kuzaa moyo

Mpenzi wa supu ya mifupa anaujua uboho: ule unono anaougonga sahanini, kisha akafyonza mpaka mfupa ubaki mtupu. Kwa mamalia, hicho ni kiwanda cha damu. Ugomvi wa wanasayansi ulikuwa kama kiwanda hicho kinaweza pia kutoa ini, ubongo au moyo.

Jumapili moja mwaka 1960, Dkt. Ernest McCulloch aliingia maabara mjini Toronto, Kanada, kuwakagua panya waliopigwa mionzi kisha wakadungwa uboho wa wenzao. Kwenye bandama zao akaona vinundu. Akavihesabu. Aliyedungwa seli nyingi alikuwa na vinundu vingi, aliyedungwa chache alikuwa na vichache. Takriban kinundu kimoja kwa kila seli 10,000. Yeye na mwanafizikia James Till walichapisha matokeo mwaka 1961, na miaka miwili baadaye kundi lao likaonyesha kwamba kinundu kizima huzaliwa na seli moja tu. Seli shina ya damu, yaani seli mama inayozaa seli nyingine za damu, ikawa imeshikwa mkono.

Huko Moscow, Alexander Friedenstein alikuwa akieleza seli nyingine za uboho, zinazotengeneza mfupa. Hilo halikumshtua mtu. Mfupa ni nyumba yao.

Mshtuko ulikuja mwaka 2000. Maini ya wanawake waliopandikizwa uboho wa wanaume yalikutwa na seli zenye kromosomu Y, ambayo mwanamke hana. Imeingiaje humo? Mwaka uliofuata Donald Orlic na Piero Anversa, nchini Marekani, wakaandika katika jarida la Nature kwamba waliwadunga seli za uboho panya wenye moyo ulioumia, na baada ya siku 9 asilimia 68 ya sehemu iliyokufa ilikuwa imeota misuli mipya. Mwaka huohuo, Ujerumani, wagonjwa wa moyo walikuwa tayari wanapewa uboho wao wenyewe. Haraka ya nini, wakati jaribio la panya lenyewe halijarudiwa?

Lilirudiwa. Mwaka 2004 makundi mawili ya Marekani yaliripoti kwamba seli zile, hata ndani ya moyo, zilibaki za damu. Kuhusu ini, majaribio ya panya ya mwaka 2003 yalikuwa yameonyesha kuwa seli ya uboho haigeuki; inaungana na seli ya ini, na mgeni anaonekana amevaa kanzu ya mwenyeji. Mwaka 2018 Harvard, alikohamia Anversa, ikataka makala 31 za maabara yake zifutwe.

Ilibaki makala ya mwaka 2002 ya Catherine Verfaillie, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyodai kupata seli ya uboho inayoweza kuwa karibu kila kitu mwilini. Baada ya maswali ya muda mrefu kuhusu picha zake, Nature iliifuta mwaka 2024. Ilikuwa imekwisha kunukuliwa zaidi ya mara 4,000.