Dawa Kongwe Katika Maradhi Mapya

Mwaka 1948, katika mji wa Rochester, Minnesota, huko Marekani, tabibu Philip Hench alimdunga mwanamke mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyokuja kuitwa kotisoni. Mgonjwa yule, ambaye hata kugeuka kitandani kulimwia taabu, akatembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench na wenziwe wawili, Kendall na Reichstein, walitunukiwa Nobel. Sifa hazikukawia kuchanganyika na lawama: walioitumia dawa hiyo kwa muda mrefu walivimba nyuso, mifupa yao ikadhoofu, na maambukizo yakapata njia. Katika jamii hiyo hiyo ikatengenezwa deksamethasoni, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ulipozuka UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwanzoni mwa 2020 kwamba dawa za namna hiyo zisitumiwe ovyo. Hofu ilikuwa na msingi. Dawa hizi hupooza uvimbe kwa kuituliza kinga ya mwili, na kinga ndiyo askari apiganaye na virusi. Tena baadhi ya wagonjwa wa SARS wa 2003, waliopewa dozi kubwa, walipona mapafu wakabaki na nyonga zilizoharibika. Wengine walijibu kwamba kwa mgonjwa mahututi askari huyo ndiye anayeibomoa nyumba. Hoja zote mbili zilisikika kuwa za busara, na kwa busara tupu mabishano yangaliendelea hata leo.

Machi 2020 Peter Horby na Martin Landray wa Oxford walianzisha majaribio yaliyoitwa RECOVERY katika hospitali za Uingereza. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: 2,104 wakapewa miligramu 6 za deksamethasoni kila siku, zisizozidi siku 10, 4,321 wakapata matibabu ya kawaida tu. Hesabu ikafanywa baada ya siku 28. Kati ya waliokuwa katika mashine za kupumulia, walifariki asilimia 29.3 ya waliopewa dawa, na asilimia 41.4 ya wasiopewa. Kwa waliosaidiwa na oksijeni pekee, ilikuwa 23.3 dhidi ya 26.2. Ama wale waliopumua wenyewe, dawa haikuwafaa kitu: 17.8 kwa 14.0, na huenda iliwadhuru. Basi waoga na majasiri walikuwa wakibishana juu ya wagonjwa wasiofanana.

Matokeo yalitangazwa tarehe 16 Juni 2020, na Septemba Shirika likageuza shauri lake kwa wagonjwa mahututi. Dawa yenyewe haikuhitaji kusubiriwa. Ilikuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo tangu 1977.