Daraja la London Ugenini

Daraja ni mali ya wapitao. Jumba la mfalme laweza kufungwa milango likabaki na heshima yake, lakini daraja lisilovukwa huwa rundo la mawe tu. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kulitazama Daraja la London, ambalo tangu mwaka 1971 limesimama katika jangwa la Arizona, Marekani.

Aliyelibuni, John Rennie, alifariki mwaka 1821. Mwanawe ndiye aliyelijenga, matao matano ya mawe ya matale, likafunguliwa mwaka 1831. Lilipanuliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini magari yalizidi, na misingi ikawa inadidimia polepole katika matope ya mto Thames. Mwaka 1968 wakuu wa Jiji waliliuza kwa dola 2,460,000. Mnunuzi, tajiri Robert McCulloch, alikuwa akianzisha mji wa Lake Havasu naye alitaka kuvutia watu. (Husimuliwa kwamba alidhani ananunua lile daraja jingine lenye minara. Mwenyewe alikanusha.)

Kila jiwe liliandikwa namba. Mawe yakapakiwa melini, yakapita mfereji wa Panama hadi California, kisha yakachukuliwa kwa malori. Hayakujengwa upya kama yalivyokuwa. Mengi yalikatwa, na nyuso zake zikabandikwa juu ya kiunzi cha zege lenye nondo. Tena daraja lilijengwa pakavu: mafundi walirundika mchanga chini ya matao ili kuyashikilia, na kazi ilipokwisha wakauondoa, wakachimba mfereji, wakayaleta maji ya ziwa yapite chini yake. Rasi ikawa kisiwa. Kwa desturi mto ndio unaodai daraja. Huko daraja lilidai maji.

Wako wasemao kuwa kilichohama ni ngozi tu. Sisi hatuilaumu zege, kwani bila hiyo magari yasingepita. Hapa pwani tumeona milango ya nakshi iking'olewa nyumbani kwake na kuuzwa ng'ambo, ikatundikwa ukutani kama picha. Mlango wa namna hiyo haumkaribishi mgeni tena. Daraja la Rennie lingali likivukwa kila siku. Tunalosikitikia ni kwamba, ili lipate maji ya kuvuka, ilibidi kwanza ardhi ikatwe.

Nao watu wa London walifunguliwa daraja jipya mwaka 1973, mahali palepale, la zege.