Sanduku la dola 99 na vijana wa Ukambani

Leo tunaacha seva na hifadhidata tuingie kwenye historia. Kuna kisa cha mwaka 2012 na 2013 ambacho vijana wanaoanza kuandika gemu leo hawakijui, na wazee wa kazi hii (yaani sisi wenye miaka thelathini na kitu!) hukitaja kwa kicheko kisha hubadilisha mazungumzo. Nazungumzia konsoli iliyoitwa OUYA.

Tarehe 10 Julai 2012 kampuni changa ya Marekani, ikiongozwa na Julie Uhrman, iliweka ombi la michango kwenye Kickstarter. Walitaka dola 950,000 watengeneze konsoli ndogo, ukubwa wa ngumi, yenye umbo alilochora Yves Béhar, itakayouzwa kwa dola 99. Ndani yake ni Android ile ile ya simu. Fedha hizo zilitimia kwa saa zipatazo nane. Mwezi mmoja baadaye hesabu ilifungwa kwenye dola milioni 8.6, kutoka kwa watu zaidi ya 63,000. Wakati ule ni saa ya Pebble pekee iliyokuwa imechangiwa zaidi pale.

Watu wengi walidhani ni wachezaji waliokuwa wamepagawa. Sivyo, au tuseme si wao peke yao. Waliopagawa kweli ni waandishi wa programu, na ili uelewe sababu lazima ujue tulikotoka.

Konsoli za zamani zilikuwa na mlinzi mlangoni. Ukinunua PlayStation dukani unanunua mashine ya kuchezea, si ya kuandikia. Ile ya kuandikia ni nyingine, inatolewa kwa kampuni zenye mkataba, na bei yake inatisha. Machi 2009 Sony ilipopunguza bei ya mashine ya wasanidi wa PlayStation 3 hadi dola 2,000 tulisoma habari hiyo kama sikukuu, kwa kuwa kabla ya hapo ilikuwa zaidi ya dola 10,000. Hesabu mwenyewe hiyo ni mbuzi wangapi.

Milango midogo iliwahi kufunguliwa. Sony walitoa Net Yaroze, PlayStation nyeusi ya wapenzi wa kuandika gemu, katikati ya miaka ya tisini. Microsoft nao Desemba 2006 wakatoa XNA, ambayo kwa dola 99 kwa mwaka ilikuruhusu kuendesha gemu yako kwenye Xbox 360. Nilisoma XNA mpaka nikaota kwa C#. Lakini kuifikisha kwa wachezaji kulitaka Xbox Live, na Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi zake. Afrika Kusini yenyewe iliingia Novemba 2010. Kwa hiyo Mkenya aliyetaka kutoa gemu alikwenda kwenye kompyuta, kama Wesley Kirinya alivyofanya mwaka 2007 na gemu yake ya 3D, The Adventures of Nyangi, au alikwenda kwenye simu.

Sasa OUYA ikaja na ahadi moja rahisi: kila sanduku litakalouzwa ni mashine ya wasanidi. Hakuna mkataba, hakuna ofisi, hakuna kulipia leseni. Sharti ni kwamba gemu yako iwe na sehemu ya kuchezwa bure, na wakikuuzia, wewe unachukua asilimia 70.

Mimi kwetu ni Kitui, upande wa Mutomo, lakini wakati ule nilikuwa nafanya kazi Wote, Makueni. Tulikuwa wanne. Kila Jumamosi tulikutana kwenye saiba moja iliyokuwa na jenereta, kwa sababu stima ya mji ilikuwa na tabia zake. Simu yetu ya majaribio ilikuwa Huawei IDEOS, ile Safaricom waliyoiuza kuanzia 2011 kwa takribani shilingi 8,000. Prosesa ya megahezi 528, kioo cha inchi 2.8 ambacho kidole gumba kinakifunika nusu. Gemu yetu ilikuwa ya punda anayebeba mitungi ya maji kutoka mto Tiva, akikwepa mashimo na boda boda. Usicheke! Punda yule alikuwa na fizikia nzuri, maji yakimwagika unayaona yakipungua kwenye mtungi.

Mtaona basi kwa nini OUYA ilitugusa. Dola 99 wakati ule ni kama shilingi 8,300. Yaani bei ya IDEOS! Kwa fedha zile zile unapata Tegra 3 yenye viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti moja, na unachomeka kwenye televisheni. Na kodi yetu ilikuwa tayari ya Android. Kilichobaki ni kuondoa vidole kwenye kioo na kuweka pedi. Mmoja wetu aliiandika sehemu hiyo kwa usiku mmoja, akijaribu kwa pedi ya kompyuta ya shilingi mia tano, miezi kabla ya mtu yeyote kulishika sanduku lenyewe.

Hapo niongeze jambo ambalo wenzangu wa Nairobi hulisahau. Kwetu msimu ule wote ulikuwa wa kungoja. Mwisho wa Desemba 2012 OUYA walianza kutuma masanduku ya kwanza kwa wasanidi. Tarehe 23 Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alikwenda Konza, ndani ya Makueni, kuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Machi ulikuja uchaguzi na serikali za kaunti zikaanza, na mwezi huo huo chuo cha Kwa Vonza kule Kitui kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, SEKU. Ukipita barabara ya Mombasa ulikuwa unachungulia Konza dirishani kuona kama ghorofa zimeota. Tulikuwa tunasema kwa mzaha kwamba kitakachofika kwanza kati ya Konza na OUYA ndicho tutakachokiandikia gemu.

OUYA ilifika kwanza. Siyo kwetu, lakini ilifika duniani: wachangiaji walianza kutumiwa mwishoni mwa Machi 2013, na madukani ikaingia tarehe 25 Juni.

Kabla ya hapo nilikwenda kumwona mwenye banda la PlayStation pale sokoni, mama mmoja aliyekuwa na televisheni tatu na PS2 tatu zilizotiwa chipu, foleni ya vijana mpaka nje. Nilitaka kujua kama angelipokea sanduku jipya. Nilimweleza kila kitu: bei nafuu, pedi nne, gemu za kujaribu bure. Alinisikiliza vizuri huku akipokea sarafu.

"Mwanangu, hilo lina FIFA?"

"Hapana, mama. Lakini lina..."

"Kama halina FIFA, hawa watakaa hapa wakifanya nini?"

Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu kilichoiua OUYA, na bado sijapata iliyompita mama yule. Wachambuzi walilalamikia vitufe vya pedi vilivyokwama na mwitikio uliochelewa, na ni kweli. Lakini konsoli hununuliwa kwa sababu ya gemu, na gemu iliyotajwa kila mahali kuwa nzuri kwenye OUYA, TowerFall, iliuza pale nakala kama 7,000 tu. Ilipohamia PlayStation 4 na kompyuta mwaka 2014 ndipo ikapata wateja. Mlango uliachwa wazi kabisa, wasanidi wakaingia kwa maelfu, kisha wakakuta ukumbini hakuna wanunuzi.

Kwa banda la Wote kulikuwa na kingine zaidi. OUYA ilipotoka ilikutaka uweke kadi ya benki ndipo uanze kuitumia, hata kwa gemu za bure. M-Pesa ilikuwa na miaka sita tayari, na mama yule alilipia hata vipuri vya pedi kwa M-Pesa. Halafu gemu zote ni za kupakua, na diski alizozoea zilitoka River Road zikiwa ndani ya bahasha bila kula bando hata moja. Waliounda sanduku walifikiria kwa makini mwandishi asiye na fedha. Mchezaji asiye na fedha hawakumfikiria, na huku kwetu mara nyingi wawili hao ni mtu mmoja.

Punda wetu alibaki kwenye simu. Sehemu ya pedi haikupotea pia. Miaka iliyofuata, simu za Android ziliposhuka bei, vijana walianza kuchomeka pedi za Bluetooth, na ile kodi ya usiku mmoja ikafanya kazi bila kuguswa.

Julai 2015 Razer ilinunua programu, duka na watu wa OUYA, ikaliacha sanduku lenyewe. Konza ilichukua njia yake ya polepole, na bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lililotarajiwa kuipa maji, lilianza kujengwa 2018. Seva za OUYA zilizimwa tarehe 25 Juni 2019, miaka sita kamili tangu siku ilipoingia madukani. Gemu zilizohitaji kuuliza seva kama umelipa ziligoma siku hiyo hiyo, ingawa mwenyewe ulikuwa umezilipia. Nyingine ziliokolewa na watu wa kujitolea waliokuwa wamenakili faili zake mapema na kuandika seva mbadala, na sanduku likielekezwa huko linawaka hadi leo.