Hofu ni kwako: Barua ya askari kwa mke wake kutoka Burma

Ndugu msomaji, barua ya Kiswahili ya zamani wajua maneno yake ya kwanza hata kabla ya kufungua bahasha. Mwandishi asalimu, tena asalimu, kiisha asema: «Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu.» Ni maneno ya desturi. Maana yake: mimi sina shida, nachelea tu wewe usije ukawa na shida. Twayapita mbio mbio ili tufikie habari yenyewe.

Leo tusimame kwanza kwa maneno hayo mafupi. Kulikuwa na wakati ambapo waume wengi waliyaandika wakiwa wamelowa mvua, wameketi katika shimo la udongo, na adui hakuwa mbali. Waliyapeleka kwa wake zao waliokaa kijijini, mahali pasiposikiwa hata mlio wa bunduki. Aliye vitani asema kwamba ni mzima, naye amwogopea yule aliye nyumbani! Je, maneno hayo yalikuwa desturi tupu, au yalikuwa na ukweli ndani yake?

Safari ya mbali

Katika vita kubwa ya 1939-1945 serikali ya Waingereza iliandika askari zaidi ya laki tatu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi. Mwanzo walipigana na Waitalia katika Somalia na Ethiopia. Askari wa Congo nao walipigana upande wa magharibi wa Ethiopia, na mwezi wa Julai 1941 jenerali wa Waitalia, Gazzera, alijitoa mikononi mwao huko Saio. Mwaka wa 1942 Waafrika wa Mashariki walipelekwa Madagascar.

Wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kutwaa Burma, wakatisha India. Basi mwaka wa 1943 divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilivuka bahari mpaka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Walifundishwa huko vita ya msituni, na katikati ya mwaka wa 1944 wakaingia Burma. Wakongomani pia walikuwa pamoja nao: hospitali ya vita ya jeshi la Congo ilifuata divisheni hiyo, na wauguzi wetu walitibu majeruhi wake.

Kuvuka bahari tu kulikuwa hatari. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilichukua watu zaidi ya 1,500, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji iliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Wake wengi waliongojea barua ya kwanza kutoka ng'ambo hawakuipata kamwe.

Wale waliofika Burma walipewa kazi ya kuwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, wakati wa masika makubwa ya nchi ile. Mvua hainyeshi pale kama kwetu, mchana ikaisha. Yanyesha siku baada ya siku, miezi mitatu, minne. Barabara zikawa matope, magari yakazama. Chakula na risasi zilitupwa na ndege kwa miavuli. Malaria ilikuwa nyingi mno, hata kila askari alilazimishwa kumeza vidonge vya manjano kila siku. Ilikuwako tena homa kali iletwayo na utitiri wa majani. Hata hivi walisonga mbele, na tarehe 2 Desemba 1944 wakatwaa Kalewa, kwenye mto Chindwin. Mafundi wa jeshi walijenga hapo daraja la chuma lenye urefu wa metre zaidi ya 350. Jeshi kubwa likavuka.

Barua ya mikono mingi

Sasa tumtazame askari wetu anapotaka kumwandikia mke wake. Yafaa tujue kwamba barua ile haikuwa ya watu wawili tu.

Kwanza, askari wengi hawakujua kusoma wala kuandika walipoingia jeshini. Jeshi lilikuwa na walimu wake, na wengine walijifunza kambini. Lakini wengi walimwendea mwenzao ajuaye kalamu. Askari asema, mwenzake aandika. Basi lile ambalo mume angemnong'oneza mke wake usiku, sharti alitamke kwanza mbele ya mtu mwingine, mchana, na wengine labda wanacheka kando.

Pili, barua ilipita kwa mkaguzi. Mkaguzi ni mtu wa jeshi aliyepewa kazi ya kusoma barua za askari na kufuta mambo yaliyokatazwa. Askari alikatazwa kutaja mahali alipo, kikosi kinakwenda wapi, wamekufa wangapi. Juu ya barua hakuandika jina la mji; aliandika namba yake, kikosi chake na posta ya jeshi. Mke alijua tu kwamba mume wake yuko «ng'ambo».

Tatu, barua ilipanda meli, ikashuka Mombasa, ikapanda reli, ikafika bomani au misioni, kiisha ikachukuliwa kwa miguu mpaka kijijini. Miezi ilipita. Mke naye, kama hajui kusoma, alimtafuta mwalimu au mtoto wa shule. Baba mkwe akaketi, mama mkwe akaketi, majirani wakaja. Barua ikasomwa kwa sauti. Mara nyingine haikuandikwa hata kwa jina la mke: iliandikwa kwa baba au kwa kaka mkubwa, na salamu za mke zilikuwa ndani, kama mstari mmoja.

Hesabu basi: mwandishi, mkaguzi, msomaji, na jamaa yote. Nani angefungua moyo wake mbele ya watu hawa wote?

Mfano wa barua

Tuweke mfano. Si barua ya mtu fulani; nimeitunga mwenyewe, kwa kufuata mambo ambayo askari wa wakati ule walizoea kuyauliza.

«Kwa mke wangu, salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Huku kuna mvua nyingi. Chakula twapata. Nimesikia kwamba huko kwetu kuna njaa. Je, ile fedha ninayoikata katika mshahara wangu kila mwezi yafika? Nani anaipokea? Usikubali ng'ombe wauzwe mpaka nirudi. Shamba la bondeni lilimwe mapema, mtu asije akasema halina mwenyewe. Mtoto amekwisha kujua kusema? Nani anamfundisha jina langu? Msalimu mama, msalimu baba, wasalimu wote wanaoniuliza. Nijibu upesi. Ni mimi mume wako.»

Tazama, ndugu msomaji. Habari za vita ni mbili tu: mvua na chakula. Habari za nyumbani ni nyingi, tena karibu zote ni maswali. Ukisoma upesi utasema: huyu hana mapendo, auliza ng'ombe na fedha tu! Lakini soma tena polepole. Auliza nani anapokea fedha, kwa sababu serikali ililipa sehemu ya mshahara nyumbani, nayo mara nyingi ilipita mikononi mwa baba au ndugu za askari. Mke aliweza kulala na njaa, huku fedha yake inanunua pombe ya shemeji. Auliza shamba, kwa sababu shamba la mtu asiyekuwapo lina majirani wenye tamaa. Na lile swali la mtoto na jina la baba ni swali la mume ambaye amekuwa mbali miaka miwili, naye aogopa kwamba mwanamume mwingine ataitwa baba nyumbani mwake. Hawezi kuuliza waziwazi. Mwenzake ndiye anayeshika kalamu.

Je, hofu ilikuwa ya kweli?

Sasa twaweza kujibu. Askari alikuwa katika hatari ya kufa, hakuna shaka. Lakini alikuwa na wenzake, alikuwa na daktari, na chakula chake kilianguka kutoka mbinguni kwa miavuli. Mke wake alikuwa na nini?

Mwaka wa 1943 mvua ilikosekana katika sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika, njaa ikawa kubwa. Wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini, au walichukuliwa kwa sheria ya vita kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa, kama yale ya mkonge. Waliobaki kijijini walikuwa wanawake, wazee na watoto. Mwanamke alilima peke yake, akauguza peke yake, akajibu mashauri ya mahari na ya ng'ombe mbele ya wazee, wala hana mume wa kumsemea.

Wakubwa wa jeshi walifahamu jambo hili katika kukagua barua. Waliona kwamba habari mbaya ya nyumbani yaumiza moyo wa askari sana. Mtu aliyevumilia matope na mizinga alivunjika moyo aliposikia kwamba fedha haifiki, au kwamba mke wake amerudi kwa wazazi wake. Askari wengi waliomba wakubwa wao wamwandikie Bwana D.C. wa kwao, ili ashughulikie shauri la nyumbani. Kwa hiyo «hofu ni kwako» halikuwa neno tupu. Ni kweli kwamba mume aliliandika ili amfiche mke wake hatari yake mwenyewe. Ni kweli pia kwamba alimwogopea.

Yale yasiyoandikwa

Kulikuwa na mambo mengine yaliyokosa nafasi katika karatasi. Huko ng'ambo askari Mwafrika alimwona Mzungu katika hali mpya: amechoka, ana hofu, anakufa kama watu wote. Aliwaona Wahindi wakidai uhuru wa nchi yao. Waruhiu Itote, Mkikuyu wa Kenya, alikuwa koplo huko Burma. Baadaye alikuwa mkubwa wa wapiganaji wa msituni, akaitwa General China. Mambo aliyoyawaza vitani aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1967, zaidi ya miaka 20 baada ya vita. Katika barua, mbele ya mkaguzi, hayakuweza kusemwa.

Wajapani waliacha kupigana mwezi wa Agosti 1945. Lakini meli zilikuwa chache, na askari wengi walirudi 1946 tu. Wengine hawakurudi. Huko Taukkyan, karibu na Yangon, kuna makaburi ya vita na ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Majina ya Waafrika yamo. Na wale waliorudi walikuta mtoto asiyewajua na mke aliyezoea kukata mashauri mwenyewe. Sharti waanze kujuana upya, na kwa kazi hiyo barua zilikuwa zimewasaidia kidogo tu.

Barua ziko wapi leo?

Barua za askari Wazungu zimehifadhiwa kwa maelfu, kwa sababu mama zao na wake zao walikuwa na masanduku makavu, na nyumba za hifadhi ziliziomba. Barua za askari wetu hazikupata bahati hiyo. Mchwa, mvua na moto wa nyumba za nyasi vimekula nyingi. Tena ajabu: sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu yake imebaki kwa sababu ya wakaguzi, waliofasiri vipande vya barua kwa Kiingereza na kuvitia katika taarifa zao. Vivyo hivyo barua za askari Wahindi waliopigana Ufaransa katika vita ya 1914-1918: twazisoma leo katika nakala za wakaguzi. Mtu aliyewekwa kuzuia maneno ndiye aliyeyaponya. Lakini alichagua yaliyoihusu serikali. Salamu na jina la mtoto aliziacha.

Na majibu ya wake? Hayo ni machache zaidi. Yalikwenda Burma, yakalowa katika mifuko ya waume, yakaoza.

Mwezi wa Juni 2022, katika Kinshasa, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani mzee Albert Kunyuku, askari wa Congo aliyefika Burma, aliyekuwa na umri wa miaka 100. Ilikuwa vema. Lakini mke aliyelima shamba la bondeni peke yake miaka mitatu, akalinda ng'ombe, akamfundisha mtoto jina la baba yake, hakuvikwa nishani na mtu.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta katika sanduku la bibi yako karatasi ya zamani yenye mikunjo, usiitupe wala usiwashie moto. Iweke pakavu. Waulize wazee: nani aliiandika, nani aliisomea jamaa, na jibu lilikuwa nini? Andika majina yao kwenye karatasi nyingine na uziweke pamoja. Na ukiona imeanza na maneno «mimi ni mzima, hofu ni kwako tu», usiyapite mbio.